Hewa Ilipopingana na Taarifa



Katika somo la robo hii tunaangalia jinsi gesijoto zinavyokadiriwa. Njia ya kwanza ni ya makaratasi: nchi huhesabu mafuta yaliyochomwa, mifugo na bidhaa za viwandani, kisha huzidisha kwa viwango vilivyokubaliwa. Njia ya pili ni kupima hewa yenyewe na kurudi nyuma kutafuta chanzo. Kwa maoni yetu makaratasi peke yake hayatoshi, na kisa cha gesi ya CFC-11 kinaonyesha kwa nini.

Gesi hii ilitumika kutengeneza povu la kuzuia joto kwenye majokofu na kuta. Huharibu tabaka la ozoni, na kwa miaka 100 kilo yake moja huongeza joto kuliko kilo 4,000 za hewa ukaa. Chini ya Mkataba wa Montreal wa 1987, uzalishaji wake ulitakiwa kukoma duniani kote ifikapo 2010, na taarifa rasmi zilionyesha kuwa umekoma. Lakini mwaka 2018 wataalamu wa Marekani walitangaza kwamba kasi ya kupungua kwake hewani ilikuwa imeshuka karibu nusu tangu 2012. Kwa vyovyote, kuna mahali ilikuwa ikitengenezwa upya.

Ni wapi? Vituo vya Gosan, Korea Kusini, na Hateruma, Japani, hupima hewa mchana na usiku. Upepo ulipotoka mashariki mwa China, kiasi cha gesi hiyo kilipanda. Wataalamu waliufuata upepo kinyumenyume kwa kompyuta, na mwaka 2019 wakakadiria ongezeko la tani 7,000 kwa mwaka, hasa kutoka majimbo ya Shandong na Hebei. Kadirio hilo lingeweza kupungua au kuzidi kwa tani 3,000, nao walilisema hilo wazi. Mwaka 2021 ilitangazwa kwamba vipimo vya vituo hivyo hivyo vilionyesha utoaji umeshuka sana.

Satelaiti nazo husaidia, ingawa husifiwa kupita kiasi. Sentinel-5P ya Ulaya, iliyorushwa 2017, huona mivujo mikubwa ya methani kwenye visima vya gesi na majalala, lakini mawingu huiziba macho. Aliyegundua chanzo cha CFC-11 alikuwa mpimaji wa ardhini. Hata hivyo, Gosan na Hateruma haviioni China yote, na sehemu kubwa ya ongezeko la dunia haikuweza kuwekewa mahali, kwa sababu vituo vya namna hiyo ni vichache.