SOMO LA VIKUNDI: HELMETI NAYO HUZEEKA



Vikundi vingi tunavyotembelea vina vijana wa boda boda. Katika daftari zao tunaona mafuta, oili, tairi na cheni. Helmeti haimo. Ikishanunuliwa basi, ni mpaka ikatike.

Kisa cha kutafakari

Mwaka uliopita tulienda hospitalini kumwona kijana wa kikundi kimoja. Alikuwa ameteleza kwenye kokoto, na hata hakuwa mbio. Mama yake akatuuliza, "Kama alikuwa amevaa helmeti, mbona kichwa kimeumia?" Tukaomba tuione. Nje ilikuwa inang'aa, imepakwa rangi mpya. Ndani, upande mmoja ulikuwa umebonyea. Kamba ilikuwa imeungwa kwa mpira wa tyubu. Tukaambiwa ilianguka naye mara ya kwanza miaka miwili nyuma. Pesa za harambee ya hospitali zingenunua helmeti mpya kwa kikundi kizima na nyingine zibaki.

Kwa nini huzeeka

Kinachookoa kichwa si lile ganda la nje peke yake. Ndani, chini ya kitambaa, kuna povu gumu jeupe, kama lile linalofungiwa televisheni mpya kwenye katoni. Ukianguka, povu hilo hupondeka ili ubongo usipondeke. Lakini hufanya kazi hiyo mara moja tu. Halirudi lilivyokuwa, hata kama nje huoni mkwaruzo. Tunasema usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini ufa wa helmeti hauzibwi, si kwa gundi wala kwa rangi.

Jua, jasho na mafuta pia huiharibu. Petroli na thina hula povu na ganda. Kwa hiyo tuisafishe kwa maji na sabuni ya kawaida, na tusiining'inize karibu na tangi au ekzosi.

Itupwe lini?

1. Ikishapigwa kwa nguvu katika ajali, hata mara moja.
2. Ganda likiwa na ufa, au povu likibonyea, kumeguka au kuachana na ganda.
3. Kamba ikichanika, au kifungo kikikataa kushika.
4. Ikilegea kichwani. Hebu jaribuni hivi: mmoja aivae na kufunga kamba, mwenzake asimame nyuma, ashike ukingo wa chini na kuisukuma kwenda mbele. Ikitoka, haifai.
5. Ikifikisha miaka 5 hivi ya kazi. Ndivyo watengenezaji wengi wanavyoshauri. Ya boda boda, inayoshinda juani na kuvaliwa na abiria wengi, huweza kuchoka mapema zaidi.

Tusisahau jaketi ya kuakisi mwanga. Usiku itundikeni ukutani, mtu asimame mbali kidogo na kuimulika kwa tochi. Mistari isipong'aa, dereva wa lori naye hatakuona.

Mambo ya kuangalia

Sheria ya Kenya yataka mwendeshaji na abiria wote wawili wavae helmeti na jaketi. Basi helmeti ya abiria nayo ikaguliwe, isiwe ile mbovu iliyoachwa na mwendeshaji. Mkinunua, tafuteni yenye alama ya ubora ya KEBS. Msinunue iliyokwisha kutumika, kwa maana hamjui ilianguka na nani. Na iliyokufa ikatwe kamba kabla ya kutupwa, la sivyo kesho mtaiona kichwani mwa mtoto wa jirani.

"Lakini pesa ziko wapi?" Mtu akiweka shilingi 10 kila siku ya kazi, kwa siku 300 ana shilingi 3,000. Mweka hazina aandike tarehe ya kununua kila helmeti, na kikundi kizikague zote kila baada ya miezi mitatu.

Maswali ya kujadiliana

1. Helmeti zetu zilinunuliwa lini? Ngapi zimeshaanguka?
2. Kwa nini twaona haya kumwambia mwenzetu kwamba yake imekwisha?
3. Kikundi kitaanza kuweka akiba hii lini, na nani ataishika?

Mkutano ujao, kila mwenye pikipiki aje na helmeti zake mbili, tuzikague pamoja. Yule kijana bado anahudhuria kliniki. Tumkumbuke katika sala zetu.