Kusahau si Ujinga

Wazazi wengi hutulalamikia: "Mwalimu, huyu mtoto jana alijua, leo hajui." Mara fimbo inatafutwa. Ndugu wasomaji, mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha majaribio aliyojifanyia mwenyewe. Alikariri silabi zisizo na maana, halafu akapima kazi ya kuzikariri upya. Baada ya saa moja tu, zaidi ya nusu ya faida ilikuwa imepotea. Naye alikuwa msomi!

Watoto wetu husoma daftari mara kumi usiku wa kuamkia mtihani. Huko Marekani, mwaka 2006, Roediger na Karpicke walitoa taarifa ya majaribio yao. Wanafunzi walisoma habari fupi. Baadhi wakairudia kuisoma, wengine wakaandika waliyoyakumbuka bila kuitazama. Baada ya dakika 5, waliorudia kusoma ndio walioongoza. Baada ya juma moja mambo yaligeuka: wao walikumbuka asilimia 42, wenzao 56.

Basi mzazi, hata kama hukusoma sana, twaa daftari, lifunge, umwambie mtoto akusimulie yaliyomo. Akikwama, afungue atazame, kisha alifunge tena. Kesho kutwa muulize yale yale, hata mkiwa shambani.