Joto Katika Amplifaya ya Gari la Matangazo

Bila shaka umewahi kuona gari la matangazo. Juu ya paa lake zimefungwa spika zenye umbo la tarumbeta, na ndani ameketi mtangazaji mwenye maikrofoni. Gari hilo laweza kutoka Kibaha likaelekea Mlandizi, au likatoka Kisarawe likaelekea Maneromango, likiwaarifu wazazi siku ya chanjo ya watoto.

Maikrofoni huigeuza sauti ya mtangazaji kuwa mkondo mdogo sana wa umeme. Mkondo huo hauna nguvu ya kuitikisa spika. Kwa hiyo hupelekwa kwanza katika amplifaya, yaani chombo cha kuukuza. Amplifaya aghalabu huwekwa chini ya kiti, nayo hupata umeme wa volti 12 kutoka katika betri ya gari.

Sasa fikiri. Gari limeanza kazi saa tatu asubuhi. Kufikia saa saba mchana jua ni kali, na vioo vimefungwa ili kuzuia vumbi la njia. Ghafla spika zinanyamaza. Betri ni nzima, wala hakuna waya uliokatika. Kijiji cha mwisho hakijasikia neno, na chanjo ni kesho! Mtangazaji anaigusa amplifaya, mara anauondoa mkono wake upesi. Ni ya moto. Joto hilo limetoka wapi?

Ndani ya amplifaya mna vipande vidogo viitwavyo transista. Transista ya kwanza ilitengenezwa Marekani mwaka 1947. Kazi yake yafanana na ya koki ya bomba: ukiigeuza kidogo kwa vidole, maji mengi hupita. Vivyo hivyo mkondo mdogo wa maikrofoni huongoza mkondo mkubwa wa betri. Lakini si nguvu yote ya betri inayofika kwenye spika. Tuseme amplifaya inachukua wati 60 na kuzipa spika wati 35. Wati 25 zilizobaki zimegeuka kuwa joto. Zipo amplifaya zinazopoteza kidogo kuliko hivyo, ila hakuna isiyopoteza kabisa.

Transista ikifikia nyuzi 150 hivi za Sentigredi, huweza kuharibika. Kwa sababu hiyo amplifaya nyingi zina kinga inayokata umeme mapema. Chombo chetu, basi, hakikufa, kilijiokoa.

Hapana budi joto lipate njia ya kutoka. Transista hubanwa kwa skurubu kwenye bamba la alumini, na joto huingia katika bamba hilo kwa mpitisho. Bamba lina mbavu nyingi nyembamba, ili sehemu kubwa zaidi iguswe na hewa. Ukitazama injini ya pikipiki ya bodaboda utaziona mbavu za namna hiyo, tena kwa kazi ile ile. (Usiziguse injini ikiwa ya moto.) Hewa iliyo kati ya mbavu hupata joto, huwa nyepesi, hupanda juu, na hewa baridi huingia mahali pake. Mwendo huo wa hewa huitwa myuko.

Chini ya kiti hewa haina pa kupandia. Pengine dereva ameifunika amplifaya kwa gunia ili isiingie vumbi. Nia yake ni njema, lakini ameivika blanketi mchana wa jua!

Jaribio

Chukua makopo mawili yaliyo sawa, yenye vifuniko. Mwalimu atamimina maji ya moto ya kiasi kimoja katika kila kopo. Zungushia kopo moja kipande cha blanketi. Yaweke yote mawili kivulini. Baada ya dakika 20 pima joto la maji kwa kipimajoto, kisha andika vipimo katika daftari lako. Maji ya kopo lipi yamepoa zaidi?

Dereva wetu afanye nini? Asimwagie amplifaya maji, kwa maana maji yakiingia katika chombo cha umeme hukiharibu. Aizime, afungue milango, angoje ipoe. Kisha aiondoe chini ya kiti na kuifunga mahali pa wazi, mbavu zikiwa zimesimama wima, na nafasi ya upana wa kiganja iachwe kila upande. Vumbi lililojaa kati ya mbavu alitoe kwa brashi kavu. Feni ndogo ya volti 12 itasaidia zaidi, kwani haingoji hewa ipande yenyewe. Vioo navyo vifunguliwe. Gari lililofungwa juani huweza kupanda joto kwa nyuzi 10 katika dakika 10 tu, nalo ni la hatari kwa mtoto kuliko kwa amplifaya. Mtoto asiachwe humo kamwe.

Maswali

1. Kwa nini mbavu za amplifaya husimamishwa wima?
2. Amplifaya inachukua wati 80 na kuzipa spika wati 50. Ni wati ngapi zinazogeuka kuwa joto?
3. Mbavu zikitengenezwa kwa mbao badala ya alumini, transista itapatwa na nini?
4. Tafuta nyumbani au njiani chombo kingine chenye mbavu au feni ya kupozea. Kichore.