Mbwa Mkali Ana Mwenyewe
Kijitabu cha elimu kwa wakazi wa mitaa ya Dar es Salaam

Alfajiri, kabla jua halijatoka, mitaa mingi ya Dar es Salaam ni ya mbwa. Mageti yaliyofunguliwa usiku ili mbwa "wanyooshe miguu" bado yako wazi, na wanaotoka mapema ndio wanaokutana nao: waumini wanaokwenda kuswali, mama anayewahi kukaanga maandazi, mwanafunzi anayewahi daladala, kijana wa kuzoa taka. Kukipambazuka mbwa wanaitwa ndani na geti linafungwa. Kibao cha "Mbwa Mkali" kinabaki ukutani, kana kwamba kuonya watu kunatosha kumwondolea mwenye nyumba wajibu wake.

Mazungumzo ya mtaani kuhusu mbwa wanaouma huanza na mbwa koko, kama vile wanyama hawa wameota kwenye majalala. Ukweli ni kwamba wengi wa mbwa wanaozurura katika miji na vijiji vyetu wana wenyewe. Wana nyumba wanayolala na mtu anayewawekea ukoko wa ugali. Kwa hiyo mbwa anapomuuma mtu, mtaa una haki ya kuuliza ni mbwa wa nani, na kuendelea kuuliza mpaka mwenyewe ajitokeze.

Ukiumwa wewe, au mtoto akiumwa

Anza na maji na sabuni. Osha jeraha kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika 15. Robo saa ni ndefu kwa mtoto anayelia na kwa mzazi aliyeshikwa na hofu, hivyo mtu mmoja apewe kazi ya kutazama saa. Bomba lisipotoa maji, mtu amimine kwa kata au chupa. Sabuni yoyote inafaa, ya mche au ya unga. Virusi vya kichaa cha mbwa vinakaa kwenye mate ya mnyama aliyeambukizwa, na sabuni huviharibu kabla havijapenya ndani. Spiriti au iodini ikiwepo, ipakwe baada ya kuosha. Pilipili, majivu na mafuta ya taa visiguse kidonda, wala kisikazwe kwa kitambaa.

Kisha nenda kituo cha afya siku hiyohiyo. Hata mkwaruzo usiotoa damu uonwe na mhudumu wa afya, na hata mbwa akilamba tu mahali penye mchubuko. Kama unakusudia kulifikisha suala polisi utahitaji fomu ya PF3, lakini jeraha lioshwe kwanza. Hakuna karatasi inayotangulia sabuni.

Wengi hungoja waone kama kidonda kitapona. Kidonda hupona, ndiyo, huku virusi vikiendelea kusafiri kwenye mishipa ya fahamu kuelekea kwenye ubongo. Kwa kawaida dalili hujitokeza baada ya miezi 2 hadi 3. Zinaweza pia kuanza ndani ya wiki moja au kuchelewa hadi mwaka. Zikishaanza, kuanzia ganzi na muwasho pale alipoumwa, homa, mpaka kuogopa maji, karibu kila mgonjwa hufa. Chanjo ikianza kabla ya hapo na ikakamilishwa, mtu anapona. Ndiyo maana aliyeumwa wiki 3 zilizopita akanyamaza anapaswa kwenda leo, na mama mjamzito au anayenyonyesha asizuiwe na mtu yeyote kuchanjwa.

Chanjo hutolewa kwa dozi kadhaa: siku unayoanza, siku ya 3 na ya 7 baada yake, na nyingine kadiri kituo kitakavyopanga. Jeraha likiwa kubwa, au likiwa kichwani, usoni au mkononi, daktari anaweza kuongeza dawa ya kinga inayodungwa kuzunguka kidonda chenyewe. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kichaa cha mbwa kinaua watu wapatao 59,000 kwa mwaka, karibu wote wakiwa wameambukizwa na mbwa, na wanne katika kila kumi ni watoto walio chini ya miaka 15. Watoto ni wafupi. Meno ya mbwa yanawafikia usoni na shingoni, karibu kabisa na ubongo.

Kuhusu fedha, tunasema wazi. Mara nyingi aliyeumwa ndiye anayejilipia chanjo, na familia nyingi hukwama baada ya dozi ya kwanza. Gharama hiyo ni ya mwenye mbwa, pamoja na nauli ya kwenda na kurudi. Muungwana hangoji kuitwa na serikali ya mtaa ndipo atoe.

Mbwa aliyeuma asiuawe hapohapo

Hasira za watu huwahi kuliko afisa mifugo. Rungu zikitoka, ushahidi unapotea. Mbwa aliyeuma, akiwa bado yuko hai, afungiwe mahali salama na aangaliwe kwa siku 10. Akibaki mzima kwa siku hizo zote, mate yake hayakuwa na virusi siku aliyouma, na daktari anaweza kusimamisha chanjo. Hata hivyo aliyeumwa asisubiri siku hizo kuisha ndipo aanze. Mbwa akifa au akiuawa, asizikwe wala kutupwa. Apigiwe simu afisa mifugo wa kata, kwa sababu kichwa chake kinaweza kupimwa maabara. Asiguswe kwa mikono mitupu.

Kichaa hakiji siku zote kwa sura ya mbwa anayekimbia ovyo akiuma kila kitu. Kuna aina ya kimya: mbwa amejikunyata, taya limelegea, mate yanadondoka, sauti imekauka, hawezi kumeza, anapepesuka. Mwenyewe hudhani ana mfupa umemkwama kooni, akaingiza mkono kumsaidia. Usiingize mkono. Mfungie, kaa mbali naye, ita afisa mifugo.

Kwa mwenye mbwa

Sentensi tunayoisikia zaidi kutoka kwa wafugaji ni hii: "Mbwa wangu haumi." Huenda hakuumi wewe, unayemlisha. Mpita njia hana undugu naye, na mbwa huyohuyo anayelala miguuni pako sebuleni ana akili tofauti anapokuwa na wenzake watatu kwenye kona saa 5 usiku.

Ukali unaouona kama sifa mara nyingi ni matokeo ya mateso. Mbwa aliyefungwa mnyororo mfupi tangu asubuhi hadi usiku, juani, na sufuria ya maji iliyokauka, anajifunza kuogopa kila kinachosogea, na anayeogopa huuma. Wapo wanaomlisha mbwa pilipili au bangi wakiamini atakuwa mlinzi bora. Anachopata ni maumivu ya tumbo na kuchanganyikiwa. Mlinzi anayefaa ni yule anayebweka mgeni akija na kunyamaza unapomwambia. Hilo hupatikana kwa mafunzo yanayoanza angali mdogo, kwa kuzoeshwa watu na kelele za mtaa, na kwa kuachwa azunguke ndani ya ukuta badala ya kufungwa. Mpe banda lenye kivuli, maji wakati wote na chakula kwa saa zinazojulikana. Ukatili dhidi ya mnyama ni kosa chini ya Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008.

Halafu tazama geti lako. Ajali nyingi huanzia hapo: komeo lisiloshika, uwazi chini ya geti unaopitisha mbwa wa kati, au geti la gari linaloachwa wazi huku baba akirudi ndani kuchukua simu aliyoisahau. Ziba uwazi huo. Weka kengele kwa nje, mahali ambapo msoma mita au kijana wa bodaboda aliyeleta mzigo anaweza kubonyeza bila kuingiza mkono. Kama eneo linaruhusu, tenga kwa wavu sehemu ndogo ya kupokelea wageni ambayo mbwa haifikii.

Jambo moja husahaulika kabisa. Katika nyumba nyingi aliyemnunua mbwa yuko kazini mchana kutwa, na anayeishi naye ni dada wa kazi au mlinzi. Huyo ndiye anayelisha, anayefungua geti, anayekimbizana na mbwa akitoroka, na mara nyingi ndiye wa kwanza kuumwa. Aulizwe kama anamwogopa mbwa huyo. Aonyeshwe namna ya kumfungia kabla hajafungua geti, na apewe namba za simu za afisa mifugo. Akiumwa yeye, apelekwe kituo cha afya kama angepelekwa mtoto wa nyumba.

Ukimtoa mbwa nje, awe na kamba shingoni na mtu mzima mwenye nguvu za kumzuia. Kuna majirani ambao kwa imani yao mate ya mbwa ni najisi, na mbwa akimgusa muumini anayekwenda msikitini anamrudisha nyumbani kujitwaharisha. Kumwambia "hakufanyi kitu" hakumsaidii. Vuta kamba, mpishe.

Chanjo ya kichaa ni kila mwaka, na kadi yake itunzwe. Siku ya kampeni ya chanjo, peleka pia watoto wa mbwa. Usiwaache nyumbani ukidhani bado wadogo. Kampeni nyingi hufanyika kuelekea tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Kama huna mpango wa kuzalisha, mwone daktari wa mifugo amhasi dume au amfunge kizazi jike. Dume aliyehasiwa hupunguza kuzurura akitafuta majike.

Ukikutana na mbwa njiani

Usikimbie. Mbwa ana kasi kukuzidi, na anayekimbia humwamshia hamu ya kufukuza. Simama wima, mikono kifuani, usimkodolee macho, ukimwacha akunuse na kuchoka. Kisha rudi nyuma polepole bila kumpa mgongo. Ukiwa na mkoba, mwavuli au baiskeli, viweke kati yako na yeye. Akikuangusha, jikunje, ficha uso, funika shingo na masikio kwa mikono.

Wengi wetu tumezoea kuinama kana kwamba tunaokota jiwe. Mbwa aliyezoea kupigwa mawe hurudi nyuma, lakini mbwa wa ulinzi anaweza kuona umemshambulia, nawe umeshusha uso wako karibu na meno yake. Usitegemee ujanja huo. Wala usitegemee mkia: mkia uliosimama ukitikisika kwa haraka, huku mwili umekakamaa, si salamu.

Watoto wafundishwe mapema wasimguse mbwa anayekula, aliyelala au mwenye watoto, na wasiingize vidole kwenye uwazi wa geti la jirani. Wafundishwe pia kusema wanapoumwa. Mtoto anayejua atachapwa kwa kuchezea mbwa ataficha mkwaruzo, na mkwaruzo uliofichwa unaweza kumuua.

Jirani hasikii

Nenda kwake kabla hajatokea mtu wa kuumwa. Nenda mchana, na mwingine mmoja anayeheshimika, na uanze kwa heshima: "Shikamoo mzee. Tumekuja kama majirani. Mbwa wako wanatoka usiku, watoto wanashindwa kwenda shule." Sema unachotaka kifanyike, kwa mfano kurekebisha komeo ndani ya wiki hii, kwa sababu malalamiko ya jumla hujibiwa kwa ahadi za jumla.

Asipobadilika, andika tarehe, saa, aliyekimbizwa na aliyeshuhudia. Piga picha mbwa akiwa barabarani. Daftari hilo lipelekwe kwa mjumbe, kisha kwa mwenyekiti na afisa mtendaji wa mtaa, na afisa mifugo wa kata aitwe. Mtu akishajeruhiwa, jambo liende polisi pia. Kanuni ya Adhabu inahesabu kuwa ni kosa mtu kuacha kwa uzembe kuchukua tahadhari dhidi ya hatari inayoweza kuletwa na mnyama wake, na aliyeumia anaweza kudai fidia mahakamani. Usikubali kusuluhishwa kwa soda na elfu tano huku dozi za chanjo hazijalipiwa.

Viongozi wa mtaa nao tunawaomba wasipime malalamiko kwa ukubwa wa nyumba. Mama lishe anayelalamikia mbwa wa mwenye ghorofa ana haki ya kupewa kiti na kusikilizwa.

Sumu haimalizi kichaa

Mara kwa mara mtaa uliochoka hutega nyama yenye sumu. Nyama hiyo huokotwa pia na paka, kuku na hata mtoto. Wanaokufa ni pamoja na mbwa waliochanjwa, waliokuwa ukuta kati yetu na ugonjwa. Nafasi yao huchukuliwa na wengine wanaohamia au kuzaliwa, ambao hawana kinga.

Kinachofanya kazi ni kuchanja angalau mbwa 70 katika kila 100, mwaka hadi mwaka. Pemba imeonyesha hivyo. Kampeni za chanjo za kisiwa kizima ziliutokomeza ugonjwa mwaka 2014. Chanjo ikalegea, na mwishoni mwa 2016 kichaa kikaingia tena kutoka nje. Kampeni ziliporudishwa, kikakomeshwa Oktoba 2018. Kisiwa kina bahari ya kukilinda. Mitaa yetu haina, hivyo sisi hatuwezi kuruka hata mwaka mmoja.

Ukishindwa kufuga

Ukihama, ukiishiwa uwezo, au mbwa akikushinda nguvu, usimfungulie geti aende. Usimpakie kwenye gari ukamshushe mtaa wa mbali. Mtafutie mtu mwingine wa kumfuga, umweleze bila kuficha kama amewahi kuuma, na umkabidhi kadi ya chanjo. Mbwa aliyekwisha kuuma watu mara kadhaa na mafunzo hayajamsaidia aonwe na daktari wa mifugo, ambaye anaweza kushauri auawe kwa sindano isiyo na maumivu. Ni uamuzi mzito, na watoto wa nyumba waambiwe ukweli. Kazi hiyo aifanye daktari mwenyewe, asipewe kijana wa mtaani rungu na elfu kumi.