Nani Hushukuriwa? Lugha ya Shukrani za Mavuno katika Familia za Moding

IKISIRI

Makala haya yanachunguza maneno yanayosemwa katika familia za Moding, upande wa Kenya wa mpaka wa Busia na Malaba, wakati wa shukrani za mavuno. Hoja inayotetewa ni kwamba shukrani ni tendo la usemi lenye wahusika watatu, yaani anayeshukuru, anayeshukuriwa na jambo linaloshukuriwa, na kwamba aliyeifanya kazi huweza kuachwa nje ya wahusika hao bila ya yeyote kukusudia kumdhulumu. Data ya msingi ni fomyula za ibada, mazungumzo ya kawaida ya shambani na jikoni, pamoja na methali. Mifano ya Uingereza na Marekani imeletwa kwa ajili ya ulinganisho.

1.0 Utangulizi

Wanafunzi wa fasihi simulizi wamezoea kuiweka shukrani ya mavuno katika fungu la miviga, kando ya jando, unyago, arusi na matanga. Uainishaji huu una manufaa yake darasani, lakini una kasoro moja kubwa: humfanya mtafiti aitazame siku moja tu ya sherehe na kuyapuuza majuma yaliyoitangulia. Ruth Finnegan, katika kitabu chake cha 1970 kuhusu fasihi simulizi ya Afrika, alisisitiza kwamba matini simulizi haiwezi kutenganishwa na utendaji wake: nani anasema, mbele ya nani, na katika tukio gani. Tukilifuata wazo hilo kwa uaminifu, hatuna budi kukiri kwamba utendaji wa shukrani hauanzii kanisani. Huanzia shambani mwa wimbi.

Moding ni nchi ya Wateso. Mwaka 1902 mkoa wa mashariki wa Uganda ulihamishiwa katika himaya iliyokuja kuitwa Kenya, na Wateso wa upande huu wakajikuta wametengwa na ndugu zao wa Tororo na wa Teso ya mbali. Hata hivyo, mpaka huo haukuyazuia maneno kupita. Katika soko moja la Malaba mtu husikia Kiteso, Kiswahili, Kibukusu na Kiganda kabla hajamaliza kununua gorogoro moja ya mahindi. Hali hii ya wingi-lugha ni muhimu kwa makala haya, kwa sababu kila lugha kati ya hizo ina njia yake ya kumshukuru mtu, na njia hizo hazilingani.

Kwanza neno lenyewe la Kiswahili. "Shukuru" na "shukrani" yanatokana na Kiarabu, na "asante" vilevile. Kwa Kiteso mtu husema "eyalama", na akitaka kukazia huongeza "noi". Mtoto wa Moding hulijua neno hili kabla ya kuijua "asante" ya shuleni.

2.0 Sherehe mbili za ng'ambo

Kuna dhana iliyoenea kwamba ibada ya mavuno katika makanisa yetu ni mtoto wa sikukuu ya Marekani. Dhana hii si sahihi. Ibada ya mavuno ya Kianglikana inafungamanishwa na kasisi Robert Stephen Hawker wa kijiji cha Morwenstow, Cornwall, Uingereza, aliyewaalika waumini wake kumshukuru Mungu kwa mavuno mwaka 1843. Desturi hiyo ilienea Uingereza kote, na wamisionari wakasafiri nayo. Kwa hiyo muumini wa Moding abebaye mkungu wa ndizi hadi madhabahuni ni jamaa wa mkulima wa Cornwall zaidi ya kuwa jamaa wa familia ya Boston.

Sikukuu ya Marekani ina historia nyingine. Hurejelewa karamu ya mwaka 1621 huko Plymouth, ambapo walowezi wa Kiingereza na watu wa Wampanoag walikula pamoja baada ya mavuno. Rais Abraham Lincoln aliitangaza siku ya kitaifa ya shukrani mwaka 1863, katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, na mwaka 1941 bunge la nchi hiyo likaamua kwamba iwe Alhamisi ya nne ya Novemba. Lakini tangu mwaka 1970 wazawa wa Marekani hukutana Plymouth siku iyo hiyo kwa maombolezo. Hoja yao inaeleweka kwa urahisi. Walowezi wale wasingalivuna mahindi bila ya kufundishwa kuyapanda na wenyeji, na katika hadithi iliyosimuliwa mezani kwa vizazi vingi, wenyeji hao walibaki kuwa wageni waalikwa katika nchi yao wenyewe. Mungu alishukuriwa. Mwalimu wa kilimo akasahauliwa, na baadaye akanyang'anywa ardhi.

Mfano huu haukuletwa hapa ili Moding ifananishwe na Plymouth. Umeletwa kwa sababu unaonyesha kwa ukubwa jambo ambalo katika familia hutokea kwa udogo.

3.0 Sarufi ya kushukuru

Tuchukue sentensi isikikayo katika takriban kila ibada ya mavuno: "Tunamshukuru Mungu kwa kuwa mavuno yamepatikana." Kiima ni "sisi", yaani kusanyiko zima. Yambwa ni Mungu. Sababu ya shukrani imebebwa na kitenzi "yamepatikana", na hapa ndipo penye jambo la kuchunguzwa. Kauli ya kutendeka, tofauti na kauli ya kutendwa, haina nafasi ya mtenda. Mtu aweza kusema "mavuno yamepatwa na fulani", ingawa sentensi hiyo haipendezi. Hawezi kusema "mavuno yamepatikana na fulani" akaeleweka hivyo. Vivyo hivyo husemwa "mahindi yametoka vizuri mwaka huu", kana kwamba mahindi yalijitoa yenyewe ardhini yakapanga foleni kuelekea ghalani.

Si nia ya makala haya kuilaumu sala. Mwenye imani humshukuru Mungu kwa yaliyo nje ya uwezo wa jembe: mvua, jua, na mwaka ambao ugonjwa haukuingia shambani. Wazee wa sehemu hii wanaukumbuka vyema ugonjwa wa batobato wa mihogo uliovuka kutoka Uganda katika miaka ya 1990 na kuyaacha mashamba bila kitu; mtu aliyepitia hayo ana haki ya kusema "yamepatikana" kwa mshangao. Tatizo huzuka fomyula ya madhabahuni inapohamia nyumbani na kuwa ndiyo lugha pekee ya shukrani. Hapo mtenda aliyefichwa na sarufi hufichika pia machoni mwa watu.

Na mtenda huyo ni nani? Wimbi ni zao lenye kusumbua. Likiwa changa hufanana mno na magugu ya jamii yake, hata palizi hulazimu kufanywa kwa mkono na kwa jicho lililozoea. Likiiva, masuke hukatwa kwa kisu kidogo, moja baada ya jingine. Kisha hukaushwa, hupurwa, hupepetwa na kusagwa. Katika familia nyingi, sehemu kubwa ya kazi hizi huangukia mikono ya wanawake, na hasa mkaza mwana, aliyekuja katika boma hilo kwa ndoa na ambaye shamba halikuandikwa kwa jina lake.

Siku ya ibada, debe la wimbi hupelekwa kanisani kwa jina la familia, nalo jina la familia ni la baba. Baada ya ibada huja mnada, sehemu ya sherehe ipendwayo kuliko zote. Kuku hunadiwa, maboga hunadiwa, na si ajabu mzee kumnunua tena jogoo wake mwenyewe kwa bei kubwa kuliko ya sokoni, huku watu wakishangilia. Utani huu ni wa thamani kubwa kwa mwanafunzi wa sanaa za maonyesho. Lakini hebu tusikilize matamko yake: "Wimbi la mzee fulani!" Nadi hiyo hujirudia mpaka debe linunuliwe. Aliyelipalilia yuko nyuma ya kanisa, anapakua chakula.

4.0 Shukrani ya chungu

Kabla ya ibada hizi, na hata leo kandokando yake, kulikuwa na namna nyingine. Mwanaanthropolojia Ivan Karp, aliyefanya utafiti miongoni mwa Wateso wa Kenya na kuchapisha kitabu kuwahusu mwaka 1978, aliandika pia makala mashuhuri ya mwaka 1980 juu ya unywaji wa pombe ya wimbi, yaani ajon. Pombe hii hutiwa katika chungu kimoja, maji moto huongezwa, na watu hukaa duara wakinywa kwa mirija mirefu. Karp alionyesha kwamba duara hilo lina kanuni zake za ukaaji, ikiwemo heshima baina ya wakwe, na kwamba ajon ilikuwa pia malipo ya kazi ya pamoja: majirani walilima shamba la mmoja wao, naye akawakalisha chunguni.

Kwa mtazamo wa kisarufi, tukiruhusiwa kuliita duara sentensi, hapa mhusika anayeshukuriwa ndiye aliyeishika jembe. Hakuwezi kuwa na kauli ya kutendeka mbele ya chungu. Asiyelima hana mrija, au akiupata, anajua kwamba ameupata kwa hisani. Marcel Mauss aliandika mwaka 1925 kwamba zawadi hubeba ndani yake wajibu wa kurudishiwa; katika duara la ajon wajibu huo huonekana kwa macho, kwa kuwa mwenye shamba wa leo ndiye mlimaji wa kesho.

Yafaa tusiipambe namna hii ya kale kuliko inavyostahili. Aliyeipika ajon alikuwa mwanamke, na kuipika ni kazi ya siku kadhaa. Aidha, pombe imevunja maboma mengi, na makanisa yaliyoikataza yalikuwa na sababu zao. Lililopotea katika katazo hilo si kileo, bali ni kikao ambacho kazi ya mtu ilitajwa mbele ya wenzake. Leo kibarua hulipwa fedha jioni na kuondoka. Malipo yamekamilika na shukrani haikusemwa.

5.0 "Pole" na "gyebale"

Mtu akipita kando ya shamba na kumkuta mwenzake akilima, Kiswahili kinampa maneno haya: "Pole na kazi." Mganda, katika hali hiyo hiyo, atasema "gyebale", neno ambalo halikosi kusikika Malaba, na lenye maana ya kumshukuru na kumpongeza mtu kwa kazi. Tofauti hii ni kubwa. Kiswahili kinaiona kazi kama tabu iliyompata mtu, hivyo humpa pole kama apewavyo mgonjwa au mfiwa. Kiganda kinaiona kazi kama jambo la kushukuriwa, hata na mpita njia asiyetarajia kula punje moja ya shamba lile. Si kwamba "pole" ni neno baya. Ni neno lenye huruma nyingi. Lakini huruma si shukrani. Mama mkwe anayemwambia mkaza mwana wake "pole, mwanangu" jioni, anapotua kuni, amemwonea huruma kweli, na bado hajasema kwamba amepokea kitu kutoka kwake.

Methali nazo hazitusaidii sana. "Shukrani ya punda ni mateke" hutumiwa kumsuta asiyekumbuka wema. Wahakiki wengi huishia hapo. Wachache huuliza ni nani kati ya wawili hao aliyembeba mwenzake. Punda ndiye aliyechukua magunia. Methali imetungwa kwa sauti ya mwenye mzigo, ambaye anajiona kuwa ndiye mfadhili kwa sababu ametoa majani. Ikisomwa upande wa pili, methali hii ni ushahidi kwamba katika lugha, shukrani hudaiwa kutoka chini kwenda juu: mtoto kwa mzazi, mke kwa mume, mtumishi kwa tajiri. Kuishusha kutoka juu kwenda chini kunahitaji juhudi.

Juhudi hiyo ipo, ila haiko kwenye jukwaa. Hupatikana jikoni, katika maneno mafupi ambayo hayajakusanywa. Nyanya aonjaye ugali wa wimbi jipya na kuuliza, "Huu umesagwa na nani?" haulizi kwa kutojua. Anajua. Anataka jina litamkwe, na litamkwe mbele ya watoto, na mwenye jina akiwa pale pale ameinamisha kichwa kwa adabu. Swali hilo ni shukrani kamili iliyovaa vazi la swali, na katika uainishaji wetu wa sasa halina mahali pa kuwekwa: si sala, si methali, si ulumbi.

6.0 Simu ya Novemba

Familia kadhaa za mpakani zina mtu Marekani. Alhamisi ya nne ya Novemba inapofika, mtu huyo, ikiwa hakupangiwa zamu kazini, hupata nafasi ya kupiga simu. Huko Dallas ni saa saba mchana. Moding ni saa nne usiku, na watoto hukatazwa kulala ili wamsalimu. Wao humuuliza wanashukuru nini huko ilhali hawakulima. Yeye hucheka, na mara nyingi hukosa jibu la haraka.

Siku hizo fedha pia hutumwa, na tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007 fedha hufika pamoja na ujumbe. Simu ikilia, kijana wa darasa la juu huusoma ujumbe kwa sauti: kiasi kilichopokewa na jina la mtumaji. Jina hilo hurudiwa na kila aliyepo. Baba hulishukuru, nyanya hulibariki, na kesho yake majirani wanalijua. Fedha za mtu aliye mbali zimefika zikiwa na mtenda wake. Unga uliopikiwa chakula cha usiku huo huo haukuja na ujumbe wowote.

Kwa hiyo mkusanyaji wa data atakayekwenda Moding msimu wa mavuno anashauriwa awasili majuma mawili kabla ya ibada. Aanzie kwenye palizi au kwenye uanikaji, arekodi maamkizi ya wapita njia katika lugha zote zinazotumika, kisha aombe ruhusa ya kukaa jikoni. Aandike ni majina ya nani yanayotajwa, na yanatajwa na nani. Kanisani aende mwisho, akiwa na orodha yake mkononi, na wakati wa mnada alinganishe.