Jasho, Mafigo na Maji: Namna Mwili Unavyojilinda

Ndugu mfanyakazi, leo tujifunze namna mwili wako unavyojilinda na joto, na namna wewe unavyoweza kuusaidia.

Ukitoka Butembo asubuhi, unavaa koti. Ukishuka mpaka Beni, karibu kilometa 55 tu, unalivua na jasho linatoka. Hewa imebadilika. Lakini tukikuwekea kipima-joto kwapani Butembo, na tena Beni, kitaonyesha karibu hesabu ile ile: kati ya 36 na 37. Nani anailinda hesabu hiyo?

Mkubwa wa kazi ni sehemu ndogo iliyo chini ya ubongo. Inapima joto la damu mchana na usiku. Joto likipanda, inatoa amri: mishipa midogo ya ngozi inafunguka, moyo unaongeza mwendo kupeleka damu huko, na jasho linatoka. Jasho linapokauka juu ya ngozi, linaondoka na joto. Kukiwa baridi, mishipa hiyo inajibana na misuli inatetemeka ili kutengeneza joto.

Lakini jasho halitoki bure. Linatoka katika maji ya mwili. Mtu wa kilo 60 ana maji karibu lita 36. Kazi ngumu mahali pa joto inaweza kumtoa lita nzima kwa saa moja, pamoja na chumvi.

Hapo mafigo yanasaidia. Ni mawili, kila moja kama ngumi yako, upande wa mgongo, chini ya mbavu. Kila siku yanachuja karibu lita 180 kutoka damu, na karibu zote yanazirudisha; lita moja au mbili tu ndizo mkojo. Maji yakipunguka, mafigo yanabana zaidi: mkojo unakuwa kidogo na rangi yake nzito. Hiyo ndiyo alama ya kwanza. Usingoje kiu.

Siku moja tuliletewa kijana aliyetoka milima ya Butembo, siku yake ya pili katika kazi ya shimo upande wa Beni. Alikataa maji asubuhi nzima ili asipande juu kila mara kwenda kukojoa. Saa sita alianza kusema maneno yasiyoeleweka na kuyumba. Wenzake walicheka, wakidhani amekunywa kasiksi. Tulipompima, joto lilikuwa 41. Tulimmwagia maji mengi, akapona. Kama wangecheka nusu saa zaidi, pengine tungemzika.

Basi, shika haya:

1. Kunywa kikombe cha maji safi kila dakika 20 ukifanya kazi penye joto. Pombe si maji: inafanya mafigo yapoteze maji zaidi.

2. Mgeni wa joto apewe kazi nyepesi siku za kwanza. Mwili unahitaji wiki moja mpaka mbili kuzoea. Kapita, hili ni lako.

3. Mtu akichanganyikiwa, akiyumba au akianguka, na mwili wake ni moto, usiseme amelewa, hata kama jasho bado linatoka. Mpeleke kivulini, mvue nguo, mmwagie maji, mpepee, huku mwingine akikimbia kuita munganga. Asiyejitambua asinyweshwe kitu, maji yatamwingia mapafuni.

Sheria hii ya maji inafuata mpaka nyumbani. Mtoto anayehara anapoteza maji na chumvi kama wewe shimoni, naye ana akiba ndogo. Wakati wa Ebola, tangu Agosti 2018 mpaka Juni 2020, wagonjwa wa Beni na Butembo walipewa dawa, lakini walipewa pia maji na chumvi, kwa kinywa au kwa serumu, maana mwili uliokauka hauwezi kupigana.

Kama hakuna pakiti ya dawa ya kuhara, chemsha maji, yapoe, pima lita moja, tia vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vimesawazishwa. Mpe mtoto kidogo kidogo, huku mkimpeleka dispanseri.

Ndugu, ubongo, moyo, ngozi na mafigo havipumziki hata umelala. Vinakuomba kitu kimoja tu: maji kwa wakati. Kesho, kabla ya kushuka, jaza bidoni yako.