Ubongo wa Mtu Aliyevunjika Mgongo

Mkwezi akianguka mnazini na kuvunjika mgongo, huenda miguu yake ikapooza tangu saa ile. Miguu yenyewe ni mizima. Iliyoumia ni njia. Maana ndani ya mifupa ya mgongo mna kamba laini, unene wake kama kidole, urefu wake kwa mtu mzima yapata sentimita 45, nayo yaitwa uboho wa mgongo. Kwa kamba hiyo ubongo hutuma amri miguuni, na miguu hupeleka habari kwenye ubongo. Ndiyo sababu mtu aliyeumia mgongo haburutwi wala hakunjwi, bali huinuliwa na watu kadha wa kadha pamoja, amenyoshwa juu ya ubao; mfupa uliovunjika ukisogea waweza kuikata kamba iliyokuwa bado nzima.

Je, ubongo usioletewa tena habari za miguu hufanyaje?

Mwaka 1937 Daktari Wilder Penfield wa Montreal, katika nchi ya Kanada, pamoja na mwenziwe Edwin Boldrey, walieleza jinsi kila kiungo kilivyo na mahali pake juu ya ubongo. Wagonjwa walipasuliwa kichwa hali wako macho, kwani ubongo wenyewe hausikii maumivu, nao wakaguswa ubongo kwa umeme kidogo. Akiguswa hapa, mgonjwa husema ausikia mdomo. Akiguswa pale, kidole huruka. La ajabu ni kwamba mkono na uso vina eneo kubwa, na kiwiliwili chote kipande kidogo tu.

Basi njia ikikatika, mahali pa kiungo kile hapakai bure. Ni kama shamba lililoachwa: jirani huanza kulima mpakani, kisha huingia ndani. Mwaka 1991 wataalamu wa Marekani walitangaza habari za kima waliokatwa mishipa ya fahamu ya mkono zaidi ya miaka 10 nyuma. Uso wao ulipoguswa, mahali pa mkono ndipo palipoitika.

Lakini jirani hakung'oa mipaka yote. Mtu aliyepooza akikusudia kusogeza mguu, mahali pale pa zamani huweza kuamka bado. Kwa hiyo madaktari wa Lausanne, Uswisi, walimtilia mtu mmoja chombo juu ya ubongo, na kingine juu ya uboho, chini ya jeraha. Cha kwanza husikiliza nia yake, cha pili huamsha miguu. Uboho wake haukuwa umekatika wote. Habari zake zilitangazwa mwaka 2023: alisimama, akatembea, akapanda ngazi, na baada ya mazoezi mengi, hata chombo kilipozimwa, aliweza kwenda kwa magongo.